Babu Aliyekuja na Bunduki

Sisi wa Pemba, msomaji mpenzi, hatuhitaji ramani kujua Pangani iko wapi. Siku ya hewa safi, mtu akisimama upande wa magharibi wa kisiwa chetu wakati jua linatua, huiona milima ya Usambara kama kivuli juu ya maji. Chini ya kivuli hicho iko Tanga, na kusini yake kidogo iko Pangani. Mashua zetu zimekuwa zikivuka mkondo huo tangu enzi ambazo hazikuandikwa, na pamoja na chumvi, karafuu na ng'onda zilivusha watu. Ndiyo maana katika kisiwa hiki kila mgeni huulizwa swali moja kabla hajapewa maji ya kunawa: "Wewe ni mtu wa wapi?"

Ni swali la adabu, na mara nyingine ni swali la ugomvi. Nimelifikiria sana miaka hii ya karibuni kwa sababu ya kazi moja ya tafsiri iliyonishinda kwa neno moja, na kwa sababu ya mzee mmoja ambaye sikumuuliza lolote alipokuwa hai.

Nianze na mzee. Kijijini kwetu, nilipokuwa mtoto, alikuwako mtu tuliyemwita Babu wa Bara. Alikuja kuchuma karafuu, kama walivyokuja wengi kutoka bara misimu ya mavuno, na msimu ulipokwisha, majamvi yakakunjwa na makonyo yakauzwa, yeye hakupanda chombo cha kurudi. Alioa kwetu, akazaa kwetu. Alikuwa na koti zito la kijeshi alilolivaa wakati wa pupwe, na watu wakisema kwamba alikuwa Bama, yaani Burma, wakati wa vita vya Hitla. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukiigiza mwendo wake wa gwaride. Hakutukemea hata siku moja. Alipokufa alizikwa katika makaburi yetu, kwa sala yetu na majembe yetu. Wajukuu zake ni majirani zangu mpaka leo. Na mimi, niliyeishi kwa kukusanya maneno ya watu wengine, sina hata neno moja lake.

Sasa nije kwenye tafsiri. Mimi sikusomea ufasiri. Kiingereza nimejifunza kwa kamusi na taa ya mafuta, na kazi zangu nyingi nimezianza kwa sababu tu jambo fulani limenigusa moyo. Miongoni mwa yaliyonigusa ni maisha ya Kleist Sykes, yaliyoandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akitegemea maandishi aliyoyaacha babu yake mwenyewe. Sura hiyo imo katika kitabu kiitwacho *Modern Tanzanians*, kilichohaririwa na John Iliffe na kutolewa mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said akaendeleza habari za ukoo huo katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes kilichotoka mwaka 1998. Nilitaka kuzitia habari hizo katika Kiswahili cha kwetu, wasome hata wale wasiojua lugha nyingine. Nikakwama ukurasa wa mwanzo, mahali anapotajwa baba yake Kleist.

Mtu huyo aliitwa Sykes Mbuwane. Alitoka kusini mwa Msumbiji, upande wa Inhambane, katika watu ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaa, raia wa ufalme wa Gaza uliotawaliwa na Gungunhana. Nchi yao ilikuwa katika taharuki. Wareno walikuwa wakiubana ufalme huo, na hatimaye walimkamata mfalme mwenyewe mwaka 1895. Vijana walikwisha kuzoea kusafiri mbali kutafuta ujira, katika migodi na mashamba ya kusini. Basi alipotokea Mjerumani kutafuta watu wa kubeba bunduki kwa mshahara, ilikuwa safari moja zaidi katika safari za vijana wa nchi ile.

Mjerumani huyo alikuwa Hermann von Wissmann, na sababu ya kutafuta askari ilikuwa ni sisi, watu wa pwani. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha mrima kwa kampuni ya Kijerumani. Mwezi Agosti, mwakilishi wa kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, akaanza kutawala kwa ujeuri ambao watu hawakuustahimili. Abushiri bin Salim al-Harthi akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na pwani ikawaka moto. Kampuni ikashindwa, serikali ya Berlin ikaingia, na Wissmann akapewa kazi ya kuizima vita. Askari wake wengi aliwatoa mbali: Wasudani aliowaandika Misri, na hawa vijana wa Msumbiji. Alikuwa anajua alitendalo. Mtu asiye na shangazi mjini, asiye na shamba wala deni wala makaburi ya wazee, hazuiliwi na kitu pindi anapoamriwa kufyatua risasi.

Mwezi Julai 1889 Pangani ikatwaliwa tena. Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani. Wapenzi wa ushairi wanaijua vita hiyo kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, wa mwaka 1307 Hijria, ambao J. W. T. Allen aliutoa katika chapa pamoja na tafsiri miaka ya 1950. Mimi niliusoma utenzi huo kabla sijalijua jina la Mbuwane. Niliusoma nikiwa upande wa mshairi, kama isivyoweza kuwa vingine. Wenye mji ni wetu, na wanaotoka baharini na mizinga ni adui. Katika utenzi huo Sykes Mbuwane hatajwi kwa jina. Yumo katika wingi wa maadui.

Hapo ndipo neno liliponishinda. Kiingereza kina neno lake kwa askari wa kukodiwa, na sisi tunalo letu: mamluki. Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyemilikiwa, mtumwa aliyefundishwa silaha. Kwa matumizi ya leo ni tusi. Ukimwita mtu mamluki umemaliza habari zake. Huhitaji kuuliza alikuwa na mke, au aliogopa nini usiku. Nililiandika, nikalifuta. Nikaandika "askari" tu, nikaona nimemsitiri kupita kiasi, kwani Abushiri naye alikuwa na askari. Nikaandika tena "mamluki". Kwa siku kadhaa ukurasa ule ulikaa hivyo, na mimi nikaendelea na kurasa nyingine.

Kurasa hizo nyingine zinasema kwamba Mbuwane hakurudi kwao. Baada ya pwani, Wajerumani waliingia bara, na huko wakamkuta Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Yule Zelewski aliyewasumbua watu wa Pangani aliuawa na Wahehe hapo Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani wakarudi kulipiza, na mwishoni mwa Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kuwasumbua mpaka alipojiua mwezi Julai 1898 ili asishikwe. Katika vita hivyo dhidi ya Mkwawa alikuwamo Sykes Mbuwane, na katika kurejea kwake alizama mto Ruaha.

Kwa hiyo hana kaburi. Aliyekuja kwa maji aliondoka kwa maji, mbali na Inhambane na mbali na Pangani. Aliacha mtoto wa kiume, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Mtoto huyo alipewa jina la Kijerumani, Kleist, na dini yake ikawa Uislamu, na lugha yake ikawa Kiswahili. Tazama majina ya ukoo huu: Mbuwane, Kleist, Abdulwahid. Mtu akiyasoma kwa utaratibu amesoma historia ya miaka themanini ya nchi yetu bila kufungua kitabu.

Kleist alilelewa na Effendi Plantan, mkuu wa askari wale waliotoka Msumbiji. Haya ni malezi ya kambini, na si ajabu kwamba mtoto naye akawa askari. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Kleist alipigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Vita hiyo ilikuwa ya wazungu kwa wazungu, lakini waliokufa wengi walikuwa weusi, na zaidi ya askari walikufa wapagazi, makumi ya maelfu, kwa njaa, homa na kuhara. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza mpaka leo, na wengi wanaonunua vitunguu hapo hawajui kwamba wanalitamka jina la msiba.

Katika moshi wa vita hiyo ulianza mgeuko ambao ndio moyo wa habari hii. Mjerumani akaondoka, na mwana wa askari wake akabaki, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Pale ndipo palikuwa kwao. Kleist akapata kazi katika shirika la reli, akawa mtu wa kalamu. Mwaka 1924 alikutana na Dakta Aggrey, mwalimu mashuhuri kutoka Gold Coast, aliyemhimiza juu ya umoja wa Waafrika. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioasisi African Association mjini Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na yeye akiwa katibu. Mwaka 1933 alishiriki kuasisi Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyohangaikia elimu ya watoto wa Kiislamu. Alifariki mwaka 1949.

Msomaji wa kisiwani asidhani hayo yaliishia ng'ambo. Mwaka 1934 chama cha jina hilo hilo kilianzishwa Zanzibar, na wanachama wake wengi walikuwa watu wenye asili ya bara. Mwaka 1957 kiliungana na baadhi ya Washirazi kuwa Afro-Shirazi Party. Mwaka 1959 chama kikapasuka, kikatoka chama cha ZPPP cha Mohamed Shamte, ambacho nguvu yake ilikuwa hapa hapa Pemba. Sitaki kuzifufua siasa za zama zile. Waliozipitia wangali na makovu. Nasema tu kwamba swali lililotupasua lilikuwa ni lile lile la mlangoni: nani mwenyeji, nani mgeni, na mgeni huacha kuwa mgeni lini? Miaka ile watu walihesabiana babu, na wengi wetu, lau tungehesabiwa kwa haki, tusingefika babu wa nne kabla ya kukuta mashua.

Narudi kwa wana wa Kleist. Abdulwahid alizaliwa mwaka 1924, na mdogo wake Ally akamfuatia. Vita Kuu ya pili ilipokuja, wote wawili walivaa sare za King's African Rifles, jeshi tulilozoea kuliita Keya. Bunduki ikaingia katika ukoo mara ya tatu, na mara hii iliwapeleka Asia, Burma, katika misitu ambayo haina tofauti kubwa na ile ambamo watu wa Vietnam walikuja kupigana na Wafaransa na kisha na Wamarekani.

Habari za Burma si ngeni kwa watu wa pwani, ila zimesahauliwa. Shaaban Robert aliitungia vita ile utenzi mrefu, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*. Mwezi Februari 1944 meli *Khedive Ismail*, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manuwari ya Kijapani. Wakafa watu karibu 1300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nusu ya pili ya mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, katika matope, malaria na ruba, ikiwafukuza Wajapani mpaka Kalewa, na Desemba ikauvuka mto Chindwin. Huko Taukkyan, karibu na Yangon, yako makaburi na mnara wenye majina ya askari karibu 27,000 wasiojulikana walipolala. Kati ya majina hayo yamo majina kama ya kwetu.

Babu alizama Ruaha akirudi kutoka vita vya kuwatia watu wengine utumwani. Mjukuu aliuvuka salama wakati wa mito na bahari, akarudi na fikra nyingine. Waliokwenda Burma waliona mzungu akiogopa, akikimbia, akifa kama watu wote. Waliona pia Wahindi na Waburma wakizungumzia uhuru waziwazi. Mwaka 1948 African Association ilikuwa imekwisha kuitwa TAA, na rais wake alipata kuwa Thomas Plantan, mwana wa yule Effendi aliyemlea Kleist. Mwaka 1950 uongozi ukashikwa na Dakta Vedasto Kyaruzi kuwa rais na Abdulwahid Sykes kuwa katibu. Mwaka 1953 akachaguliwa Julius Nyerere kuwa rais, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU, Abdulwahid na Ally wakiwamo katika waasisi wake. Abdulwahid alifariki Oktoba 1968, hajatimiza miaka 44. Ndugu yao mdogo, Abbas, alikuwa balozi wa taifa ambalo babu yake hakuwahi kulisikia jina.

Hapa nataka niwe mwangalifu, maana mshairi huvutwa na utamu wa mizani akasahau ukweli. Sisemi kwamba wema wa wajukuu umefuta alichokifanya babu. Waliokufa Pangani na Kalenga hawakufufuka mwaka 1954. Damu haihesabiwi kama biashara, huyu akikopa yule akalipa. Ninachosema ni kidogo zaidi: kwamba mtu aliyeletwa ili asiwe na mizizi aliota mizizi, na miti iliyotoka katika mizizi hiyo ilitufunika sote kivuli. Wissmann alitaka askari asiye na shangazi mjini. Kosa lake ni kwamba hakujua mji wa Kiswahili: ukikaa humo muda wa kutosha, shangazi hupatikana.

Nasi Wapemba tusidhani kwamba katika habari hii siku zote tuko upande wa wenyeji. Wazee wetu wavuvi walikwenda pwani ya Kenya miaka mingi iliyopita, wakajenga vibanda, wakaoa, wakazaa. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya maandamano kuvunjwa kwa risasi hapa kisiwani, zaidi ya watu 2000 walivuka usiku kwenda Shimoni, na wengine hawakusimama hapo. Wale waliotangulia walikaa Kenya miongo kwa miongo bila kitambulisho. Mtoto hakuweza kusajiliwa vizuri, mvuvi hakuweza kupata leseni kwa jina lake. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo. Niliposikia habari hiyo niliwafikiria wale mababu ambao walikwisha kufa, walioitwa wageni mpaka siku ya kuzikwa, katika nchi ambayo leo wajukuu zao wanaipigia kura.

Basi nikaurudia ukurasa wangu. Neno "mamluki" nimeliacha pale pale mwanzo, kwa kuwa ni la kweli, na Abushiri anadai liandikwe. Lakini katika ukurasa wa mwisho, pale Daisy Buruku anapoukumbuka ukoo wake, nimeandika neno jingine: "babu". Nalo ni la kweli, ingawa Sykes Mbuwane hakupata kuitwa hivyo na mtu yeyote, maana mto ulimwahi. Mtafsiri hutakiwa achague neno moja. Safari hii nimeyachukua yote mawili, na anayetaka kunilaumu anilaumu.

Jioni ile niliyomaliza nilikwenda makaburini kwetu. Kaburi la Babu wa Bara halina jiwe, lakini wajukuu zake wamelipalilia. Nikamsomea Fatiha, nikamwomba radhi kwa ule mwendo wa gwaride. Kisha nikarudi nyumbani nikaandika ubeti huu, ambao nauweka hapa wenye ushairi wautengeneze:

Mgeni aliyefika, mkononi na silaha,
Mto ukamfunika, maji yale ya Ruaha,
Mjukuu kainuka, kututafutia raha,
Mtu si alikotoka, mtu ni alikozaa.